Mapatano Kabla ya Mashini



Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita ndugu mmoja wa karakana alisimama akatoa maneno ambayo wengi waliyapigia makofi. Alisema: "Mimi nimepima magurudumu kwa mkono miaka kumi na minne. Sasa nasikia inakuja mashini itakayopima gurudumu behewa likipita tu, bila mtu kuinama. Nikiitwa kwenda kufundishwa hiyo mashini, siendi. Siwezi kumnolea panga mtu anayekuja kunikata." Basi nyumba nzima ikacheka, makofi yakavuma, na mwenye kiti akalazimika kugonga meza mara tatu.

Sisi wa halmashauri hatukupiga makofi, na baadaye wengine walituuliza kwa nini. Wako waliodhani tumekwisha kuhamia upande wa tajiri. Twataka kujibu hapa kwa maandishi, maana jambo hili ni kubwa kuliko dakika tano za mkutano, na tena mwaka huu mapatano yetu ya kazi yanakwisha na tutakaa mezani kuandika mengine. Ile mashini bado hatujaiona, wala hatujapata barua yo yote juu yake. Ni habari za kupita tu. Lakini maneno ya ndugu yetu yanamgusa kila mtu mwenye kadi ya chama, awe wa reli, wa bandari, wa kiwanda au wa shamba la chai.

Tuanze nyumbani. Kila aliyeingia jumba la makumbusho ya reli pale Nairobi ameiona ile injini kubwa ya moshi namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni moja katika injini 34 zilizotengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, zikaletwa huku mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake wapita tani 250. Iliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda bara. Wazee wetu waliostaafu wakisimama mbele yake husahau magoti yanayowauma.

Lakini ukiwauliza ile injini ililisha watu wangapi, hapo ndipo utakapokaa chini usikilize. Mbele alikuwa dereva na mwenzake wa kutunza moto na maji. Nyuma ya hao wawili walikuwako wengi ambao abiria hakuwaona kamwe: mtu aliyeamka usiku wa manane kuwasha moto ili mvuke uwe tayari alfajiri, waliosafisha tumbo la boila, mafundi wa mabomba, watu wa pampu na matangi ya maji katika stesheni za njiani, na wapakaji mafuta. Halafu tangu miaka ya 1960 zikaja injini za dizeli kwa wingi. Dizeli hainywi maji njiani. Dizeli hauiamshi saa nyingi kabla ya safari. Ilipofika karibu na mwaka 1980, moshi ulikuwa umekwisha katika reli yetu.

Sasa angalieni jambo ambalo wazee hao hutuambia, nasi twaliona ni la maana kuliko yote. Hawasemi kwamba walitupwa nje siku moja. Mabadiliko yalichukua miaka kama ishirini. Wengine walijifunza dizeli, wengine walihamishwa, wengine walifika umri wa kustaafu wakaenda zao na kiinua mgongo. Ila mtu wa pampu alipostaafu, hakuandikwa mwingine. Muosha boila alipokwenda kwao, mahali pake pakabaki wazi, kisha jina la kazi yenyewe likafutwa kitabuni. Kwa hiyo hapakuwa na kelele. Mashini haikumfukuza baba, ilimfungia mtoto mlango, na mtoto huyo hakuwa na kadi ya chama wala hakujua kwamba kulikuwa na kazi iliyomngoja ikapotea. Nani angemsemea? Sisi wenyewe tulioajiriwa reli katika miaka hii ya karibuni ni wachache waliopita katika tundu dogo lililobaki.

Twajua ndugu yetu wa karakana atajibu: ndiyo sababu nasema tukatae. Haya, basi tutazame waliokataa na waliokubali, maana wako wafanyi kazi waliopita njia hiyo kabla yetu, na habari zao zinajulikana. Ni makuli wa bandari, wa huko ng'ambo.

Zamani mzigo wa meli, Kilindini kama kwingineko, ulikwenda gunia kwa gunia, sanduku kwa sanduku. Kikosi cha watu kilishuka tumboni mwa meli, kikosi kingine kilingoja gatini, na meli moja ilikaa siku nyingi bandarini ikilisha mji. Tarehe 26 Aprili 1956 tajiri mmoja Mmarekani wa malori, Malcom McLean, alipeleka meli iitwayo Ideal X kutoka Newark hadi Houston, na juu yake makontena 58. Yeye hakuwa baharia. Aliona tu kwamba kupakia mzigo mara moja na kufunga mlango ni rahisi kuliko kuushika kila kipande mara nyingi. Hesabu iliyofanywa wakati ule ilionyesha kwamba kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu karibu dola 6, na kwa kontena hakukufika hata senti 16. Mwanachama anayedhani kwamba tajiri ataiacha tofauti kama hiyo kwa ajili ya kuwahurumia makuli, na afikiri tena.

Katika pwani ya magharibi ya Marekani, makuli walikuwa na chama chenye nguvu, kiongozi wao Harry Bridges. Makontena yalipoanza kuonekana huko mwaka 1958, kazi ya mikono ilikuwa ingali tele, na wenye meli walikuwa wangali wanawahitaji wale watu sana. Bridges aliwaambia wanachama wake kwamba mashini itakuja tu, na kwamba kitu wanachoweza kuuza ni ruhusa, tena waiuze ikingali na bei. Mwaka 1960 wakafanya mapatano. Wenye meli waliruhusiwa kuleta mashini na kubadili taratibu za kazi, nao wakakubali kutoa dola milioni 29 katika muda wa miaka mitano na nusu. Hakuna mtu aliyeandikwa katika daftari la bandari ambaye angefukuzwa kwa sababu ya mashini, na mzee aliyetaka kupumzika mapema aliweza kwenda na fedha mkononi. Huko New York, mwaka 1964, makuli nao walipata ahadi ya kulipwa saa 1,600 kwa mwaka, kazi iwepo isiwepo, nao wakakubali vikosi vipunguzwe kutoka watu 20 hadi 17.

Uingereza mambo yalikwenda vingine. Gati mpya za makontena zilijengwa Tilbury, chini ya mto kutoka London, na kreni zikasimama. Mwaka 1968 chama cha makuli kikapiga marufuku, wanachama wake wasishike makontena mapya hapo mpaka kwanza yapatikane mapatano ya mshahara. Hatuwacheki. Walikuwa na haki, na walichodai ndicho kile kile tunachokidai sisi. Lakini walikidai kreni imekwisha kufungwa na meli imekwisha kuundwa, na meli haina nchi inayoipenda. Marufuku yakadumu hadi 1970, na wakati huo mizigo mingi ilijifunza njia nyingine. Bandari ndogo ya Felixstowe, ambayo hapo kwanza wengi hawakuihesabu, ikakua, na leo ndiyo kubwa kuliko zote za makontena Uingereza. Gati za zamani ndani ya London zikafungwa moja baada ya moja, St Katharine mwaka 1968, na za mwisho kubwa mwaka 1981.

Tusiwadanganye wanachama kwamba ya Bridges yalikuwa asali tupu. Mapatano yale yaliwalinda waliokuwa tayari ndani ya daftari. Waliokuwa nje, na vijana waliokuja nyuma, hawakupata ulinzi kama huo, na wako makuli waliosema mzee ameuza urithi wa watoto. Mwaka 1971 makuli wale wale walifanya mgomo wa siku 134, na kazi ya kujaza makontena ilikuwa moja ya sababu zake. Kwa hiyo mapatano ya mashini hayaandikwi mara moja yakafungiwa kabatini. Lakini ukiweka pwani ile upande mmoja na London upande wa pili, ni wapi mtu wa umri wa miaka hamsini alikwenda nyumbani na kitu?

Turudi kwetu, maana na sisi tuna mafundisho yetu, tena mengine ni machungu kuyasema. Kwa miaka mingi malori yaliichukua mizigo ya reli ya zamani, na sisi wa reli tulilalamika sana, tukasema serikali yatuua. Kisha mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472. Vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, wakafundishwa kuendesha injini zake, na tulifurahi. Ni haki kufurahi. Mwezi wa Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo yote iingiayo nchini isafirishwe kwa reli. Watu wa Mombasa wakaandamana barabarani, na mwezi wa Oktoba amri ikasimamishwa. Mwezi wa Septemba 2022 Rais mpya akaamuru kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Katika miaka hiyo yote dereva wa lori, turnboi wake, makarani wa yadi za makontena, fundi wa magurudumu na mama wa chapati pale Mtito Andei walikuwa wakipanda na kushuka kama mzigo wenyewe. Je, sisi wa chama cha reli tulikwenda kuzungumza na wenzetu wa malori hata mara moja? Hatukwenda. Tulisema ni zamu yao. Hilo halitupi sifa.

Wale wa chai nao tusiwasahau. Huko Kericho mashini za kuchuma majani zimeingia mashambani kwa wingi, na mashini moja hufanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 watu wenye hasira waliingia mashambani wakazichoma moto. Twajua hasira hiyo inakotoka. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya shamba, akachuma tangu ujana, hana pengine pa kwenda kazi ikiisha, kwa kuwa nyumba yenyewe ni ya kampuni. Lakini mashini iliyoungua ina bima, na mtu aliyekamatwa hana. Kampuni hununua nyingine.

Huja mabwana wasomi wakatuambia tusiogope, maana maarifa mapya huua kazi moja na kuzaa nyingine. Ni kweli, hatubishi. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, nani alijua kwamba kila kijiji kingekuwa na kibanda cha wakala? Maelfu ya watu hula hapo. Ila tuitazame kazi iliyozaliwa. Wakala hulipwa kamisheni kwa fedha anazopitisha, siku hakuna watu hakuna kitu, akiugua hafungui, mwizi akija, hasara yampata. Hana mshahara, hana likizo, na hajui jina la mtu wa kukaa naye mezani. Vivyo hivyo kijana wa pikipiki anayeitwa kwa simu. Tena kazi mpya haimwendei yule aliyepoteza ya zamani. Muosha boila hakugeuka kuwa fundi wa kompyuta. Mabwana hao wanapohesabu, hutoa kumi huku wakaongeza kumi kule, wakasema hesabu ni sawa, na kumbe si watu wale wale.

Basi tuna nini mkononi? Tuna sheria, na ni aibu kwamba wanachama wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema tajiri hawezi kumwondoa mtu kwa sababu kazi yake haihitajiki tena, ila kwanza akiarifu chama chake na afisa wa kazi, si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na watu wangapi. Katika kuchagua nani aondoke lazima aangalie miaka ya utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Likizo zilizobaki zilipwe kwa fedha. Na kila mwaka mzima wa utumishi ulipwe si chini ya mshahara wa siku 15.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mwenye mshahara wa shilingi 24,000 kwa mwezi, tukigawa kwa siku 30, apata shilingi 800 kwa siku. Ametumikia miaka 12. Siku 15 mara 12 ni siku 180. Siku 180 mara shilingi 800 ni shilingi 144,000. Hiyo ni mishahara ya miezi sita kwa miaka kumi na miwili ya ujana wake. Atalipa karo ya shule, atalipa deni la duka na la ushirika, atanunua nauli ya kurudi kwao, zimekwisha. Lakini someni tena yale maneno "si chini ya". Sheria imetaja sakafu, haikutaja dari. Tajiri akilipa siku 15 amelipa kiasi ambacho akipunguza atashtakiwa. Cho chote kilicho juu ya hapo ni kazi ya chama kukidai, na mahali pa kukidai ni katika mapatano, wakati mtu bado yuko kazini na kazi yake bado yatakiwa.

Iko sheria nyingine ya mwaka huo huo, ile ya Mahusiano ya Kazi, ambayo katika kifungu cha 57 yamwamuru tajiri aeleze chama habari zote zinazohitajika ili kiweze kujadiliana vizuri. Maana yake twaweza kuuliza mezani: mwaka ujao mnanunua nini? Itafanya kazi ya nani? Lini? Si lazima tungoje kuiona mashini inashushwa kwa kreni.

Hapa lazima tukiri kosa letu. Tumefungua mapatano yetu yanayokwisha, tumeyasoma yote usiku mmoja katika ofisi ya chama. Yana kurasa juu ya posho ya nyumba, juu ya saa za ziada, juu ya viatu na makoti ya mvua. Juu ya mashini hakuna hata mstari mmoja. Tajiri hakutuzuia kuuandika, hatukuuomba. Tulipigania shilingi za mwezi ule, tukazipata, tukarudi tukiimba. Ndugu yetu wa karakana akisema chama hakimlindi, jibu letu ni fupi: katika jambo hili bado hakimlindi.

Kwa hiyo halmashauri imeona iwaletee wanachama mambo haya ya kuandikwa safari hii. Tajiri atuarifu miezi sita kabla ya kuleta mashini inayogusa kazi ya mtu, si mwezi mmoja. Watu wa kufundishwa kwanza wawe wale wale waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kwa mkono, wafundishwe kwa mshahara kamili, wala asiletwe mtu wa kandarasi juu ya vichwa vyao. Asiondolewe mtu kwa sababu ya mashini ikiwa iko nafasi nyingine anayoweza kujifunza, na akihamishwa mshahara wake usishuke. Atakayetaka kuondoka kwa hiari alipwe siku 30 kwa kila mwaka. Na la mwisho ni la yule mtoto wa mlango uliofungwa: kila mwaka tajiri atuonyeshe hesabu ya nafasi zilizoachwa wazi na waliostaafu, ngapi zimejazwa na ngapi zimefutwa. Hili najua wengine watasema ni kujisumbua kwa watu wasiolipa ada. Sisi twasema chama ambacho hakiandiki vijana kitakufa na wazee wake, na hesabu ya ada ndiyo itakayoonyesha kwanza.

Sasa, ndugu yetu akikataa kufundishwa, anatupunguzia nguvu au anatuongezea? Siku mashini ikija, atakayeijua ndiye tajiri atakayemhitaji. Kama ni mwanachama wetu, tuna sauti juu ya mashini. Kama ni mgeni wa kandarasi, tumebaki na kipimo cha mkono na makofi ya mkutano. Twataka aende akafundishwe, lakini aende chini ya karatasi iliyotiwa sahihi.

Mkutano mkuu wa tawi utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika jumba la chama. Kila mwanachama aje na kadi yake na hati ya mshahara ya mwezi uliopita. Aje pia na karatasi inayoonyesha mwaka alioandikwa kazi na mafunzo yo yote aliyopata, hata ya siku mbili, maana karani wetu ataandika daftari la ujuzi wa watu wote, jambo ambalo hatujawahi kuwa nalo. Wenzetu wa malori na wa bandari tumewaandikia barua kuwaomba walete watu wawili wawili wa kusikiliza.

Ndugu wa karakana tumemwomba awe mmoja wa kamati itakayokwenda mezani. Alifikiri siku tatu, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba kabla ya kwenda kwa tajiri kamati yote iende karakana, iiname chini ya behewa pamoja naye, na ipime gurudumu moja kwa mkono, ijue inalosemea. Twaenda Alhamisi.